Hisa 200 za ESPP na mshahara uliotozwa kodi mara mbili

Tarehe 15 Oktoba 2024 mfanyakazi mmoja wa Minneapolis aliuza hisa 200 za kampuni iliyomwajiri, kila moja kwa dola 60. Alikuwa amezinunua kupitia mpango wa wafanyakazi kununua hisa kwa punguzo, ule unaoandikwa ESPP kwenye hati ya mshahara. Zilimgharimu dola 7,820, akapokea dola 12,000, kwa hiyo faida yake ni dola 4,180. Ritani aliyoituma Aprili 2025 ilisema amepata dola 6,560. Hakuna alichoficha wala alichokosea kunakili. Kila tarakimu aliitoa kwenye fomu halali aliyotumiwa na mwajiri au dalali wake.

Kisa hiki ni cha mfano na tarakimu zake zimerahisishwa, ila kosa lililomo hurudiwa kila msimu wa kodi Marekani, na mara nyingi anayelifanya hagundui kwamba amelipa zaidi.

Tuanze na mpango wenyewe. Ni ESPP ya kifungu cha 423 cha sheria ya kodi ya Marekani. Kampuni hukata fedha kwenye mshahara kwa miezi sita, kisha siku ya mwisho ya kipindi hununua hisa kwa punguzo la asilimia 15. Punguzo hilo huhesabiwa kwenye bei iliyo ndogo kati ya mbili: bei ya soko ya siku kipindi kilipofunguliwa na ile ya siku ya ununuzi. Siku ya ununuzi hakuna kodi ya mapato. Kodi husubiri mpaka hisa ziuzwe, na hapo ndipo faida hugawanywa sehemu mbili: moja huhesabiwa mshahara, nyingine faida ya mtaji, yaani ile itokanayo na kuuza mali.

Hisa alizouza zilikuwa mafungu mawili ya hisa mia mia.

Fungu la kwanza: kipindi kilifunguliwa 1 Septemba 2021, bei ya soko ikiwa dola 40. Ununuzi ulifanyika 28 Februari 2022, bei ikiwa dola 50. Alilipa asilimia 85 ya 40, yaani dola 34 kwa hisa, jumla dola 3,400. Baadaye alilihamisha fungu hili kwenye akaunti ya dalali mwingine, jambo dogo ambalo litatusumbua hapo mbele.

Fungu la pili: kipindi kilifunguliwa 1 Septemba 2023 kwa dola 52, ununuzi ukafanyika 29 Februari 2024 bei ikiwa dola 68. Alilipa dola 44.20 kwa hisa, jumla dola 4,420.

Swali la kwanza kwa kila fungu ni tarehe. Mauzo hukidhi masharti ya kifungu cha 423 ikiwa yamefanyika baada ya kupita miaka miwili tangu kipindi kifunguliwe na pia mwaka mmoja tangu hisa zinunuliwe. Masharti yote mawili lazima yatimie. Fungu la kwanza limeyatimiza. La pili halijatimiza hata moja, kwa kuwa kutoka Februari hadi Oktoba ni miezi saba na ushei tu.

Kwa fungu lisilokidhi masharti hesabu ni nyepesi na ni kali: mshahara ni tofauti kati ya bei ya soko ya siku ya ununuzi na bei uliyolipa. Hapa ni 68 kutoa 44.20, yaani dola 23.80 kwa hisa, dola 2,380 kwa fungu zima. Bei ya kuuzia haiingii kabisa. Hisa zilishuka kutoka 68 hadi 60, lakini mshahara ni ule ule 2,380, na kushuka kule ni hasara ya mtaji ya dola 800 inayosimama peke yake. Ukijumlisha 2,380 na hasara ya 800 unapata 1,580, ambayo ndiyo faida halisi ya fungu hili: 6,000 kutoa 4,420.

Kwa fungu lililokidhi masharti, mshahara ni kiasi kilicho kidogo kati ya viwili. Cha kwanza ni faida yote ya mauzo, 60 kutoa 34, yaani dola 26. Cha pili ni punguzo likihesabiwa kana kwamba ulinunua siku kipindi kilipofunguliwa, 40 kutoa 34, yaani dola 6. Kidogo ni 6, basi mshahara ni dola 600. Kinachobaki, dola 2,000, ni faida ya mtaji ya muda mrefu, yaani ya hisa zilizoshikwa zaidi ya mwaka mmoja. Wengi huteleza hapa kwa kuchukua tofauti ya siku ya ununuzi, 50 kutoa 34, wakaandika mshahara wa dola 1,600. Ile ni hesabu ya mauzo yasiyokidhi masharti, haina kazi kwenye fungu hili. Na kama hisa zingeuzwa kwa hasara, tuseme kwa dola 30, fungu hili lisingekuwa na mshahara wowote, bali hasara ya mtaji ya dola 400.

Tarakimu hizi zote ziko kwenye Fomu 3922, taarifa ya ununuzi wa ESPP, ambayo watu wengi huitupa kwa sababu haiambatishwi kwenye ritani. Kisanduku cha 1 kina tarehe ya kufunguliwa kipindi, cha 2 tarehe ya ununuzi, cha 3 bei ya soko ya siku ya kufunguliwa, cha 4 bei ya soko ya siku ya ununuzi, cha 5 bei uliyolipa, cha 6 idadi ya hisa. Kisanduku cha 8 ndicho kinachosahauliwa: bei ambayo ungelipa kama ungenunua siku ya kufunguliwa. Punguzo la mauzo yaliyokidhi masharti ni kisanduku cha 3 kutoa cha 8. Fomu hii hutolewa Januari ya mwaka unaofuata ununuzi, si mauzo. Ya fungu la kwanza ilitoka Januari 2023. Anayeitafuta kwenye barua za 2025 hataiona.

Sasa tuone ritani ilivyoharibika.

Fomu 1099-B za madalali wake, yaani taarifa za mauzo ya hisa, zilionyesha fungu la pili likiwa na gharama ya dola 4,420 na faida ya muda mfupi ya dola 1,580, na fungu la kwanza gharama ya 3,400 na faida ya muda mrefu ya 2,600. W-2, taarifa ya mshahara wa mwaka kutoka kwa mwajiri, tayari ilikuwa imeingiza zile 2,380 kwenye kisanduku cha 1 pamoja na mshahara wa kawaida. Programu ya kujazia ritani ikavuta 1099-B hizo moja kwa moja kutoka kwa madalali, ikavuta na W-2, ikajumlisha. Hivyo 2,380 ya mshahara, 1,580 na 2,600 zikazaa 6,560. Dola 2,380 zimetozwa kodi kama mshahara, kisha zikajificha ndani ya faida ya mtaji na kutozwa tena.

Dalali hakukosea. Kwa hisa zinazotokana na haki za ununuzi zilizotolewa tangu 1 Januari 2014, kanuni za IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, zinamkataza kuongeza kiasi kilichohesabiwa mshahara kwenye gharama anayoripoti. Anatakiwa aandike ulicholipa tu. Kwa maneno mengine, gharama iliyo kwenye 1099-B ya ESPP ina upungufu kwa amri, na wa kuujaza ni wewe. Madalali wengi huambatisha taarifa ya nyongeza yenye gharama iliyorekebishwa, kurasa chache baada ya fomu yenyewe. Taarifa hiyo haiendi IRS, na programu nyingi haziivuti.

Kosa la pili katika ritani hii ni la upande mwingine: zile dola 600 za fungu la kwanza hazikuonekana kwenye W-2. Hisa zilikuwa zimehamia kwa dalali mwingine, mwajiri hakujua kwamba zimeuzwa. Tena mwajiri hana msukumo mkubwa wa kufuatilia mauzo yaliyokidhi masharti, kwa kuwa hayampi punguzo lolote la kodi. Yasiyokidhi ndiyo humruhusu kutoa kile kiasi kwenye mapato yake. Kutokuwepo kwenye W-2 hakumwondolei mfanyakazi wajibu. Lazima azitangaze mwenyewe kama mshahara kwenye Fomu 1040, ambayo ndiyo ritani yenyewe.

Utajuaje kama W-2 imeshaingiza mshahara wa ESPP? Kisanduku cha 14 mara nyingi huandikwa "ESPP" na kiasi, lakini si waajiri wote hufanya hivyo, na hicho ni cha taarifa tu, hakijumlishwi tena. Njia ya uhakika zaidi ni kutumia ukweli kwamba mapato ya ESPP ya kifungu cha 423 hayakatwi kodi ya Social Security (pensheni ya serikali) wala Medicare (bima ya afya ya wazee). Hayaingii kisanduku cha 3 wala cha 5, huingia cha 1 peke yake. Chukua kisanduku cha 5, toa michango ya 401(k), akiba ya uzeeni, ya kabla ya kodi iliyo kwenye kisanduku cha 12 kwa herufi D, ulinganishe na cha 1. Kwa mwenye kisa chetu kisanduku cha 5 kilikuwa 78,000, herufi D ilikuwa 4,680, kwa hiyo tulitarajia 73,320. Kisanduku cha 1 kinasema 75,700. Pengo ni 2,380 kamili: fungu la pili limo, la kwanza halimo.

Jambo jingine linalofuatana na hilo: mwajiri halazimiki kukata kodi ya mapato kwenye kiasi hiki. Mwenye mafungu makubwa anaweza kujikuta anadaiwa Aprili ingawa mshahara wake wote ulikatwa sawasawa.

Marekebisho hufanywa kwenye Fomu 8949, inayoorodhesha mauzo moja moja. Fungu la pili liliuzwa ndani ya mwaka mmoja na gharama yake iliripotiwa IRS, kwa hiyo linakwenda Sehemu ya I, kisanduku A kikiwa kimetiwa alama:

safu (d), mapato ya mauzo: 6,000
safu (e), gharama: 4,420, kama ilivyo kwenye 1099-B
safu (f), msimbo: B, yaani gharama ya 1099-B si sahihi
safu (g), marekebisho: (2,380)
safu (h), matokeo: (800)

Fungu la kwanza linakwenda Sehemu ya II, kisanduku D: (d) 6,000, (e) 3,400, (f) B, (g) (600), (h) 2,000.

Mabano kwenye safu (g) ni alama ya kutoa. Akiyasahau, programu itajumlisha 2,380 badala ya kuitoa, na hasara ya 800 itageuka faida ya 3,960. Wengine huifuta 4,420 kwenye safu (e) na kuandika 6,800. Jibu la mwisho linatoka sawa, ila gharama hiyo hailingani na iliyoko IRS, na kutolingana kwa namna hiyo ndiko kunakoweza kuzaa barua ya CP2000, ile ya IRS ya kuhoji tofauti. Kuandika gharama sahihi moja kwa moja kwenye safu (e) ni kwa hisa ambazo dalali hakuripoti gharama yake, yaani kisanduku B au E. Huko safu (g) huandikwa sifuri.

Kutoka hapo hasara ya 800 inaingia mstari wa 1b wa Schedule D, fomu ya kujumlishia faida na hasara za mtaji, faida ya 2,000 mstari wa 8b, na mstari wa 16 unatoka 1,200. Tahadhari na mistari ya 1a na 8a. Imewekwa kwa mauzo yasiyohitaji marekebisho yoyote, yanayoruka Fomu 8949 kabisa, na programu ikiona kisanduku cha gharama kimejazwa inaweza kuyapeleka huko bila kukuuliza.

Programu ina mtego mwingine. Ukiiambia kwamba hisa ni za ESPP, nyingi hukuomba Fomu 3922, zikapiga hesabu ya mshahara zenyewe na kuuongeza kwenye mapato ya kazi. Hilo ni jema kwa fungu la kwanza, ambalo W-2 ililiacha. Kwa fungu la pili litaongeza 2,380 mara ya pili, safari hii kwenye mshahara. Kuna swali dogo kwenye skrini linalouliza kama kiasi hicho tayari kimo kwenye W-2, na jibu lake ni tofauti kwa kila fungu.

Jaribio la mwisho ni lile lililoiumbua ritani ya kwanza. Jumla ya mshahara wa ESPP na faida au hasara ya mtaji lazima ilingane na fedha ulizopata hasa. Hapa mshahara ni 2,380 na 600, yaani 2,980. Ukiongeza mtaji wa 1,200 unapata 4,180, ambayo ni 12,000 kutoa 7,820. Ikitofautiana hata kwa dola moja zaidi ya ada ya dalali, kuna mahali pamekosewa.

Kwa fedha, kosa lilimgharimu kiasi gani? Hana mwenza kwenye ritani, kipato chake cha 2024 kiko daraja la asilimia 22, na faida yake ya muda mrefu hutozwa asilimia 15. Ritani ya kwanza ilitoza dola 1,261.20 kwa hisa hizi: 523.60 kwa mshahara, 347.60 kwa ile faida ya muda mfupi isiyokuwepo, 390 kwa ya muda mrefu. Iliyo sahihi ni 655.60 kwa mshahara na 180 kwa faida ya mtaji, jumla 835.60. Tofauti ni 425.60. Jimbo la Minnesota hutoza faida ya mtaji sawa na mshahara, na kwa kipato chake asilimia 6.8 ya zile 2,380 ni takriban dola 162 nyingine. Angalia pia kwamba hasara ya 800 ilifidia faida ya muda mrefu, kwa hiyo imemwokolea asilimia 15 tu ya kodi ya shirikisho, wakati mshahara uliotokana na hisa zile zile umetozwa asilimia 22.

Je, angefaidika kusubiri? Fungu la pili lingekidhi masharti baada ya 1 Septemba 2025. Likiuzwa kwa bei ile ile ya 60, mshahara ungekuwa 780 na faida ya muda mrefu 800, kodi ya shirikisho 291.60 badala ya 403.60. Ni nafuu ya dola 112 kwa kubeba hisa za kampuni moja karibu mwaka mzima zaidi, hisa ambazo zilishakatwa dola 8 kila moja tangu zinunuliwe. Kwa maoni yetu kodi si sababu ya kutosha ya kungoja kiasi hicho.

Ile hasara ya 800 ilipona kwa bahati. Kanuni ya siku 30 inasema ukinunua hisa zile zile siku 30 kabla au baada ya kuuza kwa hasara, hasara hiyo haihesabiwi sasa, bali huongezwa kwenye gharama ya hisa mpya. Ununuzi wa ESPP ni ununuzi kama mwingine. Mwenye kisa alinunuliwa fungu la tatu, hisa 80, tarehe 30 Agosti 2024, siku 46 kabla ya kuuza, na linalofuata lilikuwa Februari 2025. Angeuza 20 Septemba, hasara ya hisa 80 kati ya 100, yaani dola 640, ingezuiwa. Na 1099-B isingemwonya: kwa gharama ya dalali ya 4,420 mauzo yale yanaonekana kuwa ya faida, kwa hiyo dalali haoni hasara ya kuizuia. Ingemlazimu aandike BW kwenye safu (f), W ikiwa msimbo wa hasara iliyozuiwa, na (1,740) kwenye safu (g), jumla ya (2,380) na 640. Magawio yanayonunua hisa yenyewe kila robo mwaka huingia kwenye kanuni hiyo hiyo, hata kama ni hisa moja na nusu.

Kwa kuwa ritani ilishatumwa, njia ni Fomu 1040-X, ya kurekebisha ritani, pamoja na 8949 na Schedule D mpya, na kwa Minnesota Fomu M1X. Muda wa kudai marejesho ya shirikisho ni miaka mitatu tangu ritani itumwe, na iliyotumwa mapema huhesabiwa tangu siku ya mwisho ya kuwasilisha, kwa hiyo ana hadi katikati ya Aprili 2028. Kwenye maelezo inatosha kusema kwamba gharama ya 1099-B haikujumuisha mapato yaliyotangazwa kama mshahara, na kwamba dola 600 za mshahara wa ESPP ziliachwa. Asidai 425.60 huku akizinyamazia zile 600. Hesabu hiyo tayari imezihesabu.

Msomaji aliye Marekani kwa viza ya mwanafunzi ya F-1 na bado hajawa mkazi wa kodi, jambo la kawaida kwa miaka mitano ya kalenda ya mwanzo, hesabu yake ni nyingine. Anajaza 1040-NR, ritani ya wasio wakazi, sehemu ya mshahara hutozwa kwa madaraja ya kawaida, lakini akiwa nchini siku 183 au zaidi ndani ya mwaka, faida ya mtaji hutozwa asilimia 30 bila kujali muda wa kushika hisa. Kenya, Tanzania na Uganda hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani wa kuipunguza. Kwake gharama isiyorekebishwa inauma zaidi.

Limebaki fungu la tatu, ambalo bado halijauzwa. Kipindi chake kilifunguliwa 1 Machi 2024 kwa dola 68, na siku ya ununuzi bei ilikuwa imeshuka hadi 62, hivyo alilipa 52.70. Fomu yake 3922 ina 57.80 kwenye kisanduku cha 8. Bei inaposhuka ndani ya kipindi mambo hugeuka: mauzo yasiyokidhi masharti yana mshahara wa 62 kutoa 52.70, yaani 9.30 kwa hisa, ilhali yaliyokidhi yanaweza kufika 68 kutoa 57.80, yaani 10.20, ikiwa bei ya kuuzia ni 62.90 au zaidi. Akiuza kati ya 31 Agosti 2025 na 1 Machi 2026 anapata mshahara mdogo na faida ya muda mrefu kwa pamoja. Kwa hisa 80 tofauti hiyo ni kodi ya dola 5 hivi, isimnyime mtu usingizi. Akiuza 2 Machi 2026 au baadaye, atumie kisanduku cha 3 na cha 8. Kabla ya hapo, cha 4 na cha 5.